Rais Mteule wa Benchi la Jules

Kama hujanywa kahawa ya Marthe, usiseme umefika Johannesburg, sema umepita. Jiko lake la mkaa liko Malvern, Jules Street, ukutani kwa duka la magodoro lililofungwa zamani, jirani na robot, zile taa za barabarani ambazo pale kwetu huwaka zikijisikia. Kahawa yenyewe ina tangawizi ya kumwamsha marehemu. Kuna fundi mmoja wa mabati aliipiga asubuhi, akapanda juu ya paa, akagongelea nyumba ya tajiri wake, ya jirani, na ya mtu wa tatu ambaye hata hakumwita. Kando ya jiko kuna benchi refu, zito, la kanisani, na hapo ndipo anapokaa Aloys, Mrundi wa Buyenzi, muuza mikanda na chaja za simu. Mtaa mzima unamwita Seneta. Jina hilo alijipa mwenyewe, halafu akaanza kulalamika kwamba watu wamemtwisha.

Jumanne hiyo, Novemba ya 2012, Wamarekani walikuwa wanamchagua rais wao, na Seneta alikuja kijiweni amefunga tai. Tai juu ya fulana.

— Eh, leo kuna harusi? akauliza Khatibu.

Khatibu ni fundi cherehani, mtu wa Tanga, mpole, anayesema taratibu kama anayepima kitambaa. Kwa kuwa ndiye anayeamua ubishi, wanamwita Jaji.

— Leo ni siku ya demokrasia, Jaji. Dunia nzima imesimama.

— Mbona taksi hazijasimama? akasema Égide.

Huyu Égide ni Mrundi mwenzake Seneta, analinda magari ya wateja hapo barabarani, amevaa kizibao cha njano cha kung'aa tangu asubuhi hadi jua linazama. Jina lake la kijiweni ni Parking.

Seneta akapokea kikombe chake, akangoja maneno ya Marthe. Kila asubuhi Marthe humtania: leo umeuza mikanda mingapi, au wateja wote wamefunga suruali kwa kamba? Leo alimimina tu, macho kwenye mkaa.

— Marthe, vipi? Umeota vibaya?

— Afadhali ningeota. Jana jioni mmeshaondoka, alikuja bwana mmoja mwenye kizibao cha njano. Akanionyesha jiko, akanionyesha benchi, akafanya mkono hivi, kama anafagia. Halafu akasema Ijumaa.

— Ijumaa nini?

— Ijumaa hapa pawe peupe.

Kahawa ikampita Seneta njia isiyo yake. Akakohoa mpaka tai ikageukia mgongoni. Égide alimpiga mgongo, Khatibu akamshikia kikombe.

— Miaka sita niko hapa, akasema Marthe. Nikitoka hapa nikaanze wapi? Kule mtaa wa La Rochelle kila kona ina mtu na birika lake.

Kila mmoja aliwaza Jumamosi bila benchi: Khatibu atabishana na cherehani, Égide atabishana na magari, na Seneta, Mungu saidia, atalazimika kuuza mikanda.

— Msiwe na wasi, akasema Seneta. Alilisikia neno likitoka kinywani mwake kabla hajaliruhusu. Hili niachieni mimi. Serikali ndiyo chakula changu.

— Chakula chako? Juzi askari wa metro walipita na gari lao, wewe ulikuwa saluni kwa Denise, chini ya mashine ya kukaushia nywele, na taulo kichwani! Mwanamume mzima!

— Parking, mimi sikujificha. Nilikuwa kwenye mashauriano.

— Na taulo?

— Mashauriano ya siri.

Marthe akatabasamu kidogo, na Seneta akapata nguvu. Akasimama. Mkono mmoja akaunyoosha kuelekea jiko, kama mwalimu mbele ya ubao.

— Sikilizeni, nyie watu wa gizani. Serikali ya Amerika ni mihimili mitatu. Mmoja ni Kongresi: hao wanatunga sheria. Chukua birika hili. Kongresi ndiyo inapika: ndani yake kuna vyumba viwili, Seneti na Baraza la Wawakilishi, na kahawa haitoki mpaka vyumba vyote viwili vikubaliane. Seneti kila jimbo linatoa watu wawili, liwe kubwa liwe dogo. Baraza, wanahesabu vichwa: jimbo lenye watu wengi linatoa wengi.

— Na rais?

— Rais ni mkono unaomimina. Akiona kahawa mbaya, anakataa kumimina. Lakini birika likijikaza, wengi sana wakakubaliana, theluthi mbili kila chumba, linamimina lenyewe bila mkono.

— Birika lijimimine lenyewe? Huo ni uchawi, akasema Égide.

— Ni katiba. Halafu mahakama ndiyo ulimi. Wanaonja. Wakisema hii siyo kahawa, inamwagwa, hata kama Kongresi imepika usiku kucha. Wako tisa, wanateuliwa na rais, na wakishaingia ni mpaka kufa au wachoke wenyewe. Rais hawezi kuwafukuza.

Khatibu akapenda hapo. Akajiweka sawa kwenye benchi.

— Mpaka kufa?

— Mpaka kufa, Jaji.

— Basi watakuwa wanaangalia sana afya zao, akasema Égide. Mimi nimesikia mmoja akipiga chafya tu, rais anamletea supu, na wanaomtaka rais aondoke wanamletea daktari, ili avumilie mpaka uchaguzi mwingine. Wana wapishi wawili-wawili. Hawalali chali.

— Kwa nini wasilale chali? akauliza Khatibu.

— Watu wasije wakadhani.

Hata mkaa ulicheka. Marthe alikuwa amefunika mdomo kwa ncha ya kitenge.

— Na nani anaosha vikombe? akauliza.

Seneta hakuwa amejiandaa kwa vikombe. Lakini alifikiri haraka, kama kawaida yake.

— Hapo ndipo pazuri, Marthe. Vikombe ni kazi ya majimbo. Amerika ina serikali juu ya serikali. Ya juu kabisa ni ya shirikisho: jeshi, noti, mambo ya nje. Chini yake jimbo, na gavana wake, bunge lake, mahakama zake. Chini tena wilaya, chini tena mji na meya. Kila mmoja ana vikombe vyake na haruhusiwi kugusa vya mwenzake.

— Gavana si kama mfalme? akasema Égide. Nimesikia gavana wa Texas ana ndege, ana ng'ombe kutoka hapa mpaka Durban, na akikasirika anafunga mpaka, rais mwenyewe anapita kwa visa.

— Kwa visa gani?

— Ya kitalii. Siku tatu.

— Parking, wewe jua limekuingia kichwani.

— Nilindie magari yangu, basi, na wewe jua likuingie.

Khatibu akaweka kikombe chini. Jaji akiweka kikombe chini, ujue ametaka kutoa hukumu.

— Haya yote mazuri. Lakini Ijumaa inakuja. Mtu mmoja lazima aende akaongee na yule bwana kwa niaba yetu. Seneta anazijua serikali kuanzia birika mpaka vikombe. Aende yeye.

— Aende! akasema Égide.

Hapo Seneta akaanza kuitafuta tai yake, iliyokuwa bado mgongoni. Maana kuna jambo ambalo kijiwe kizima hakikulijua. Mdomo wake, ambao mbele ya benchi ungeweza kuuza barafu kwa mtu anayetetemeka, mbele ya mtu wa serikali huenda likizo. Karatasi yake ya ukimbizi ilikuwa mfukoni, imekunjwa na kukunjuliwa mpaka imelainika kama kitambaa, na kila alipoona kofia, beji au muhuri, mkono wake ulienda wenyewe kuipapasa. Marthe peke yake alijua. Walipanga foleni moja mwaka juzi kwenda kuongeza muda wa karatasi, na kila Seneta alipokaribia dirisha alimpisha mtu wa nyuma yake, tafadhali mama, tafadhali kaka, mpaka dirisha likafungwa. Marthe hakumwambia mtu.

Kwenda hataki. Kukataa hawezi. Akainua macho mbinguni, na Amerika ikamshukia.

— Ngojeni! Mtu hateuliwi hivi hivi. Leo siku ya uchaguzi, tufanye uchaguzi. Tena wa Kimarekani. Mimi na Jaji tugombee.

— Mimi sitaki, akasema Khatibu.

— Ndiyo sifa ya kiongozi hiyo. Sikilizeni sasa. Kule, rais hachaguliwi na kura za watu zikijumlishwa zote pamoja. Kila jimbo lina wajumbe wake. Ukishinda jimbo, hata kwa kura moja, unazoa wajumbe wote, isipokuwa majimbo mawili tu yenye ukaidi wao. Ndiyo maana mwaka elfu mbili kuna mtu alipata kura nyingi za watu kuliko mwenzake, na akaenda nyumbani.

— Haiwezekani!

— Inawezekana, Jaji, tena ni heshima kubwa. Mtu anakaa nyumbani, kila akipita watu wanasema: huyu ndiye tuliyempenda.

Na hiyo heshima ndiyo Seneta aliitaka, hiyo hiyo, bila kubadilishwa kifungo. Apendwe, ashindwe, akae. Akagawa mtaa haraka. Jimbo la kwanza Saluni ya Denise, hiyo California, wajumbe watano. La pili Matairi, wale vijana wa kuziba pancha upande wa pili wa ukuta, hiyo Texas kwa makelele yao, wajumbe watatu. La tatu Benchi, watatu. Mwenye wajumbe sita amepita. Hesabu aliifanya kichwani akafurahi: Saluni yote inavaa nguo za Khatibu, Matairi yote inashonewa ovaroli na Khatibu. Khatibu atapita kama gari la zimamoto.

Marthe akatoa buni zilizokaangwa, moja kila mpiga kura. Vikombe viwili vikafunikwa kwa kitenge: kilichovunjika mkono cha Seneta, kizima cha Khatibu. Unaingiza mkono chini ya kitenge, unadondosha buni yako, unatoa mkono mtupu.

Benchi likaanza. Khatibu akapiga, Égide akapiga, Marthe akapiga. Seneta akaingiza mkono, na ili asiache kitu kwa bahati, buni yake akaidondosha kwenye kikombe cha Khatibu. Égide akachukua seti nyingine ya vikombe, akazunguka Matairi, akaingia Saluni. Kutoka Saluni zikasikika kelele na vicheko mpaka njiwa wa kwenye nyaya wakahama kata.

Marthe akafunua vikombe vya Benchi. Kikombe kizima: buni tatu. Kilichovunjika: moja.

— Benchi kwa Jaji! akatangaza Égide aliyekuwa amerudi. Seneta, umekataliwa nyumbani kwako! Hata Marthe!

— Demokrasia ni chungu, akasema Seneta, na kwa shida sana akazuia uso wake usicheke.

— Nilimpa Khatibu, akasema Marthe taratibu, akimwangalia Seneta peke yake. Nilitaka wewe ubaki hapa.

Seneta akaelewa. Furaha yake yote ikapata tundu, kama mpira wa gari uliopita juu ya chupa. Marthe alikuwa anapoteza kona yake, mkate wake, na bado buni yake moja aliitumia kumfichia aibu yeye.

— Matairi kwa Seneta, wote! Égide akaendelea. Wamesema anapigaga kelele kuliko kompresa yao ya upepo, basi aende akazipige huko.

Kabla Seneta hajajibu, mlango wa saluni ukafunguka. Denise mwenyewe akatoka, Mkongomani wa Bukavu, chanuo limesimama nyweleni kama bendera, wasusi wake wote nyuma.

— California imesema! Wote kwa Seneta!

— Denise! Lakini nguo... si mnavaa za Jaji?

— Ndiyo maana, yee! Jaji akienda akakamatwa, nani atanimalizia gauni langu la Jumapili? Wewe ukikamatwa, tutakosa nini? Mikanda? Miaka yote unatuambia, serikali nitasema nayo, serikali naijua. Nenda basi, papa, usemeko!

Wakapiga vigelegele. Wajumbe wanane. Seneta akasimama kando ya Jules Street, rais mteule, tai mgongoni, jasho usoni.

— Kuna jambo silielewi, akasema Khatibu, akiwa ameshika kile kikombe kilichovunjika. Buni hii moja ya hapa Benchi ni yangu. Mtu hajipigii kura mwenyewe, ni aibu. Nilikupa wewe, bwana. Sasa buni yako wewe iko wapi?

Macho yote yakahamia kwenye kikombe kizima. Égide akahesabu kwa kidole, mara mbili.

— Mon vieux! Wewe mwenyewe hukujichagua?

— Huo... huo ndio uungwana wa Seneti.

— Uungwana! Kijana, unaogopa!

Vicheko vilikuwa bado vinapanda wakati gari dogo jekundu liliposimama, akashuka dada mmoja wa suti, mkoba begani. Égide akakimbia kumwonyesha namna ya kuegesha gari ambalo tayari lilikuwa limeegeshwa.

— Habari zenu? akasema yule dada, Kiswahili cha Nairobi kabisa. Naitwa Kagendo, natoka hapo Kensington. Nimeelekezwa kuna fundi wa nguo anaitwa Khatibu. Na hizi kelele ni za nini? Kwani kura za Amerika zishahesabiwa?

— Za hapa, dada yangu, akasema Khatibu. Tumechagua mtu wa kwenda kumwona bwana mmoja wa serikali anayetaka kumwondoa mama huyu Ijumaa.

Wakamweleza, wote kwa pamoja: Kongresi, birika, Texas, kizibao cha njano. Kagendo akasikiliza, kahawa mkononi. Anafanya kazi benki, amezoea watu wanaosema kwa pamoja. Walipomaliza akauliza:

— Sawa. Na huyo bwana ni wa serikali gani? Ya jiji? Ya mkoa? Ya taifa? Ama ametumwa tu na mwenye hili jengo?

Kompresa ya Matairi ilizimika yenyewe, kwa adabu.

Khatibu akamtazama Égide. Égide akamtazama Marthe. Watu waliojua kila chumba cha Washington na anayelala humo hawakujua aliyewafukuza ukutani kwao ni nani.

— Sikumuuliza, akasema Marthe. Mtu akivaa kitu kile, mimi kwanza natoka. Kuuliza nauliza nikishafika mbali.

Hakuna aliyecheka, maana wote wamefika Johannesburg kwa njia hiyo hiyo. Kisha polepole, mmoja baada ya mwingine, wakageuka wakamtazama Égide, na kizibao chake cha njano cha kung'aa.

— Mnaniangalia nini? Changu nilinunua sokoni!

— Haswa, akasema Khatibu.

— Yule pale! Marthe akanyoosha mkono. Yule pale kwenye robot. Ndiye!

Ng'ambo ya barabara, mtu mmoja mrefu mwenye kizibao cha njano alikuwa ameinama, anapulizia rangi ya buluu kwenye lami. Mkono wa Seneta ulishaenda mfukoni kupapasa karatasi. Akamwona Marthe anauangalia ule mkono, anaachia macho, anajifanya anachochea mkaa ambao haukuhitaji kuchochewa.

Seneta akautoa mkono mfukoni. Akairudisha tai mbele. Akavuka.

Ile barabara ina upana wa magari manne, lakini siku hiyo ilikuwa na upana wa Ziwa Tanganyika, na mamba wake. Katikati ya safari alitamani sana kumpisha mtu. Hakukuwa na mtu wa kumpisha. Benchi lilimwona anafika, anainua mkono, anasema kitu. Yule mrefu akasimama wima. Akaonyesha lami. Akaonyesha benchi. Akainua kidole, akacheka. Seneta naye akacheka, kwa kuchelewa kidogo, kama simu za kimataifa.

Kisha wakavuka pamoja kurudi, wakiongea mchanganyiko wa Kizulu, Kiingereza na mikono. Seneta alitembea tofauti. Alienda anavuta miguu, akarudi anaikanyaga Afrika Kusini kama aliyoipaka rangi yeye.

— Raia wenzangu! akaanza. Mazungumzo yalikuwa makali. Huyu bwana alikuja na msimamo wa milele. Nikamwambia hapana. Akasema mwaka. Nikamwambia usinijaribu. Nimembana, nimembana, nimemshusha kutoka milele hadi siku moja! Ijumaa wanachimba mtaro wa bomba la maji, lori linahitaji nafasi. Jumamosi asubuhi benchi linarudi, jiko linarudi!

— Ni wa serikali gani sasa? akauliza Kagendo.

— Wa mabomba, dada. Wa mabomba.

Égide, anayekijua Kizulu kwa kazi yake, akamuuliza yule mgeni maneno machache. Yule mtu akajibu, mikono wazi, anashangaa.

— Anasema jana alitaka kumweleza mama ni siku moja tu, akatafsiri Égide, lakini alipofungua mdomo mama alishaanza kukunja vitu. Seneta, huyu hajabanwa popote!

— Siri za mazungumzo hazitolewi hadharani, Parking.

Marthe akacheka. Alicheka mpaka akaketi kwenye ndoo, kitenge machoni, na Seneta akamtazama kama mtu aliyeshinda majimbo yote hamsini na bado anataka mengine.

Yule mrefu akanusa hewa, akaliona birika. Akauliza kitu kifupi, akigeuza kichwa kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine.

— Anauliza, akasema Égide, mkubwa wa hapa ni nani, amwombe kahawa.

Rais mteule akavuta pumzi, akatoa kifua mbele. Mdomo ulishafunguka. Lakini kidole chake kikaondoka peke yake, na cha Jaji, na cha Parking, na chanuo la Denise kule mlangoni, vyote vikaelekea jikoni kwa Marthe.

Marthe akafuta macho, akasimama, akainamisha birika juu ya kikombe kizima. Likatoa tone, likatoa machicha, likaishia hapo.

— Imeisha, akasema. Mwambie aje kesho.